Mtoto Aliyejichora Akichapwa

Waswahili husema, ukipenda, chongo huita kengeza. Nilipokuwa nikifundisha Kiswahili niliifundisha methali hii kila mwaka, na kila mwaka nilitoa maelezo yale yale: kwamba mwenye mapenzi huiona kasoro kubwa ya mpenzi wake kuwa ni ndogo. Wanafunzi waliandika, wakafanya mtihani, wakapata alama zao. Haikunijia hata siku moja kujiuliza huyo mwenye chongo mwenyewe anasemaje. Je, kwa kuitwa mwenye kengeza amerudishiwa jicho lake? Au ameongezewa mzigo wa pili, kwamba sasa hana jicho na tena hana ruhusa ya kulitaja?

Swali hili limenijia uzeeni, na aliyeniletea si methali bali ni vitabu vya katuni. Najua wapo wenzangu watakaoshangaa. Mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa miaka sabini na kitu, anakaa kibarazani kwake Msangano akiandika juu ya vibonzo vya watoto! Nawaomba subira. Katika maisha yangu ya kazi niliwanyang'anya wanafunzi magazeti ya katuni mengi kuliko niliyopata kuyanunua, na ofisini kwangu lilikuwapo kabati la mbao ambalo rafu yake ya chini ilijaa Sani zilizochakaa, nyingine hazina hata jalada. Mchana nilizikataza, na jioni nikiwa peke yangu nilizisoma. Lodi Lofa nilimjua, Ndumilakuwili nilimjua, na Madenge nilimjua kama mtoto wa jirani. Basi ninayoyasema hapa siyasemi kwa kusikia.

Swali lenyewe ni hili: mtoto mwenye ulemavu achorweje katika kitabu ambacho watoto wenzake watakisoma? Aufiche mchoraji ulemavu wake ili asichekwe? Auonyeshe ili ahurumiwe? Amfanye shujaa ili aheshimiwe? Kila jibu nimewahi kulishika kwa wakati wake, na kila moja limeniponyoka mkononi.

Nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo iliyonilisha. Kiswahili tulichokirithi kiliwaweka watu hawa katika ngeli ya KI-VI: kipofu, kiziwi, kiwete, kibyongo, kilema. Ndiyo ngeli ya kiti na kisu. Nilikuwa nikihubiri darasani kwamba wazee waliotutangulia waliwatoa wenzao katika ngeli ya watu na kuwatia katika ngeli ya vitu, na nililihubiri kwa ukali hata siku moja mwanafunzi akanyosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, na kiongozi je? Na kijana? Na kinyozi?" Nilimwambia akae chini. Alikuwa na haki. Ngeli peke yake haimtukani mtu, na isitoshe tunasema kipofu amekuja, hatusemi kimekuja. Lakini mtu akitaka kutukana, njia anaijua; nimesikia kwa masikio yangu watu wazima wakisema "kile kipofu", na hapo sarufi haina utetezi.

Baadaye likaja neno mlemavu, kisha mtu mwenye ulemavu, ambalo ndilo lililotumika katika sheria yetu ya mwaka 2010. Tukaanza kusema asiyeona, na tukafundishwa kusema mwenye ualbino mahali pa zeruzeru. Maneno haya nayapenda na nayatumia. Hata hivyo nimemwona mtu akitamka "mtu mwenye ulemavu" kwa ulimi safi kabisa, mkutanoni, na asimsogezee huyo mtu kiti. Neno lililosafishwa nalo laweza kuwa kengeza jingine.

Katika kizazi chetu, mtu wa kwanza mwenye ulemavu tuliyekutana naye kitabuni alikuwa jambazi. Nazungumzia Kisiwa chenye Hazina, kitabu cha Robert Louis Stevenson cha mwaka 1883 kilichofasiriwa na Frederick Johnson na kutoka kwa Kiswahili mwaka 1929. Tulikisoma shule ya kati hadi kurasa zikalegea. Humo yumo John Silver, mpishi wa merikebu, mguu mmoja umekatwa hadi karibu na nyonga, gongo kwapani, kasuku begani. Yumo na kipofu Pew, anayekuja akigongagonga fimbo yake barabarani, na usiku wa siku niliyoisoma sehemu ile sikutoka nje kwenda chooni. Watetezi wa leo wangesema: tazameni, ubaya wa moyo umechorwa mwilini. Ni kweli, na mifano haiishi. Nahodha wa Peter Pan ana ndoano mahali pa mkono. Katika Alfu Lela Ulela kibyongo anakabwa na mwiba wa samaki, kisha mwili wake unasukumwa kutoka nyumba hii hadi ile kama gunia la mahindi mabovu, ili wasikilizaji wacheke.

Lakini na nikiri jambo. Silver tulimpenda. Alikuwa mwongo na muuaji, lakini merikebu nzima hakuna aliyemzidi akili. Alicheka, aliogopwa, na yule mtoto Jim alimpenda kwa namna yake. Mambo yake aliyaamua mwenyewe. Stevenson alimwandikia rafiki yake, mshairi William Henley aliyekuwa amekatwa mguu, kwamba ni nguvu zake Henley katika ulemavu wake ndizo zilizomzaa Silver. Nyuma ya jambazi yule, basi, alikuwapo mtu halisi aliyetazamwa vizuri na rafiki yake. Katika vitabu vya adilifu tulivyopewa kanisani na shuleni, vipofu na viwete walikuwa wengi, wote wema, wote wamekaa chini wakingojea mtu apite. Hakuna mtoto aliyetaka kuwa mmoja wao. Nusu ya darasa letu tulikatiza uwanja kwa mguu mmoja, kijiti kwapani, tukitaka kuwa Silver.

Mchoraji wa katuni ana shida ambayo mwandishi wa hadithi hana. Kazi yake ni kutia chumvi. Pua iliyo ndefu huirefusha, tumbo hulivimbisha, na miguu huifanya njiti. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, Juha Kalulu wa Edward Gitau kule Kenya, Kingo wa James Gayo, wote hawa tuliwacheka kabla hawajafungua mdomo, maana umbo lilikwisha kusema. Sasa katika ulimwengu ambamo kila umbo limetiwa chumvi, mguu uliopooza unachorwaje? Ukiutia chumvi umemkejeli mwenye nao. Usipoutia, katika ukurasa ambao kila mtu mwingine umemtia, umemtoa huyo kundini. Amekuwa mgeni rasmi katika ngoma ya watu wote. Nafikiri ndiyo maana wachoraji wengi walikwepa. Katika magazeti yale ya kabatini, ninavyokumbuka, mwenye gongo nilimwona zaidi pembeni mwa picha, kwenye kona ya barabara, ameshika kopo. Hakuwa na jina wala hakusema neno.

Picha iliyonifundisha haikutoka gazetini. Ilikuwa miaka ya 1980, bonde letu likiwa bado katika wilaya ya Mbozi, mkoa wa Mbeya. Waganga wa chanjo walipita shuleni wakaniachia bango, nami nikalibandika kwenye mlango wa ofisi kwa fahari kubwa. Lilikuwa na picha nne mfululizo, kama katuni. Katika ya kwanza mama anakataa kumpeleka mtoto kwenye chanjo. Katika ya pili mtoto ana homa. Katika ya tatu mtoto hawezi kusimama. Katika ya nne amekua, mguu mmoja umekonda kama ufito, ana gongo, kichwa amekiinamisha hata uso hauonekani, na mama yake analia.

Darasa la tano alikuwamo mvulana aliyekuwa na mguu wa namna ile, na gongo alilochongewa na babu yake. Siku moja alitumwa na mwalimu wake kuja kuchukua chaki. Nilimwona amesimama mlangoni muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, huyu wa mwisho ni mimi?"

Nikamwambia, "Hapana mwanangu, ni picha tu."

"Mbona ana gongo?"

Nikamweleza kwamba bango lile ni kwa ajili ya wazazi, wapeleke watoto wachanga wakapate matone. Akafikiri. Akasema, "Kwa hiyo wakiniona mimi, watakwenda." Akachukua chaki zake akaondoka.

Msomaji asifikiri nitalilaani bango lile. Kazi yake liliifanya. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili katika Tanzania alionekana mwaka 1996. Mwaka 2022, baada ya mgonjwa kugundulika Malawi, wachanjaji walipita tena nyumba kwa nyumba katika mikoa ya mpakani, na walipofika Songwe wazee wengi wa rika langu tuliwapokea kwa mikono miwili, kwa kuwa sisi ugonjwa wenyewe tuliuona. Mtu akiniuliza kama lingestahili kuchomwa moto ili kuulinda moyo wa mtoto mmoja, nitajibu hapana, na sitasita. Lakini mtoto yule alitumiwa. Mwanafalsafa wa Kijerumani, Immanuel Kant, aliandika kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo. Chuoni tulimpitia Kant mbio mbio, nikamwandika katika mtihani na nikafaulu, nikamwacha hukohuko kwenye karatasi. Alikuja kunirudia mlangoni mwa ofisi yangu, akiwa na chaki mkononi.

Nimefikiri mara nyingi juu ya picha ile ya nne. Ukweli wa ugonjwa ungebaki ule ule hata kama mtoto angechorwa amenyanyua uso. Angeweza kuwa anachunga mbuzi, au ameshika daftari, au anagombana na dada yake. Mzazi angeuona mguu na angeelewa. Mchoraji alipokifuta kile kichwa alisema jambo jingine ambalo waganga hawakumtuma aseme: kwamba hapa maisha yamekwisha, na aliyebaki ni msiba unaotembea. Naye mtoto aliyesimama mbele ya picha alikuwa bado anataka kujua kama kesho kuna mpira.

Mwaka ule ule, maembe yalipoiva, wavulana wanane wa darasa la tano walikamatwa katika shamba la jirani wa shule. Saba niliwachapa. (Kiboko sijivunii. Tulifundishwa hivyo, tukafundisha hivyo, na leo nikimwona mwalimu kijana anakitegemea namsikitikia.) Wa nane alikuwa yeye. Nilimtazama mguu, nikamwambia, "Wewe nenda darasani." Niliamini nimetenda wema, tena mbele ya shule nzima. Jioni wale saba walikaa chini ya mwembe wakionyeshana alama za fimbo na kucheka. Yeye alikaa peke yake kwenye ngazi za darasa.

Baada ya wiki chache mwalimu wake aliniletea daftari la hesabu. Mbele hesabu, na kwa nyuma, kuanzia jalada la mwisho, katuni. Zilikuwa kurasa kumi na mbili za penseli. Mkuu wa genge la wezi wa maembe ni mvulana mwenye gongo. Gongo lenyewe ndilo linalovuta tawi. Bila gongo hakuna embe. Yeye ndiye anayepanga njia, na yeye ndiye anayegawa, naye anawapunja wenzake waziwazi, akijiwekea manne na kuwapa moja moja. Kisha anatokea mwalimu mkuu. Tumbo lake linatangulia picha moja kabla yake. Kichwa chake ni papai. Katika ukurasa wa mwisho wavulana wamepanga mstari, niliwahesabu, wanane, na wa kwanza kuinama ni mwenye gongo. Nyota zinaruka kutoka matakoni mwake kama zile za kwenye Sani, na kiputo cha maneno kina neno moja tu: "Mama!" Gongo limeegemezwa ukutani, linangoja.

Sikuelewa. Nilikasirikia lile papai. Daftari nikalifungia kabatini pamoja na mengine.

Ilinichukua miaka kulisoma vizuri. Mtoto alikuwa amejipa katika picha kile nilichomnyima uani. Nilipomwambia aende darasani nilimwambia kwamba wizi wake si wizi, kama ambavyo mbuzi akila mahindi yako hatumwiti mwizi. Wenzake niliwahukumu kwa kuwa niliwahesabu kuwa watu wenye hiari, wanaoweza kutenda mema wakatenda mabaya. Yeye nilimtoa katika hesabu hiyo, na nilimtoa kwa huruma, jambo ambalo ni baya zaidi kwa sababu hakuwa na namna ya kunilalamikia. Sisemi kwamba ningemchapa. Labda nisingemchapa yeyote. Nasema kwamba kosa lake lilikuwa lake, alilipanga kwa akili yake na gongo lake, nami nikampokonya. Naona aibu zaidi kwa hili kuliko kwa fimbo nilizowachapa wale saba.

Na sikukomea hapo. Mwisho wa mwaka, siku ya wazazi, nilimwita mbele nikampa zawadi maalumu ya ushujaa, blanketi. Nilihutubia dakika kumi juu ya gongo lake, jinsi anavyokuja shule mvua na jua. Watu walipiga makofi, akina mama wengine walifuta machozi. Babu yake alinisubiri kwenye njia ya kutokea, akanishukuru kwa adabu zote, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hivi wa tatu katika hesabu darasa la tano ni nani?" Alikuwa ni mjukuu wake. Nilisahau kumtaja.

Kwa hiyo nikiona leo vitabu vya Marekani ambavyo shujaa wake ni mlemavu, siharakishi kushangilia. Tangu mwaka 1964 wanaye Daredevil, mwanasheria kipofu ambaye masikio na pua na vidole vyake vimezidi vya binadamu wote hata anaruka juu ya mapaa usiku akipigana na wahalifu. Mwaka mmoja kabla walikuwa wamemleta Profesa X, anayekaa katika kiti cha magurudumu na kusoma mawazo ya watu. Vijana wetu wanawajua kwa filamu. Wanasisimua, sikatai. Lakini yule kipofu ni kipofu asiye na upofu. Kila alichopungukiwa kimelipwa na riba juu. Ni lile blanketi langu limetiwa rangi. Na yule mtoto asiye na ziada yoyote, ambaye haoni na pia hesabu haziwezi, na kuimba hajui, heshima yake ataipata wapi?

Kitabu kilichonirudisha kwenye daftari lile aliniletea mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi Dar es Salaam. Kinaitwa El Deafo, cha Mmarekani Cece Bell, kilichotoka mwaka 2014, na mwaka uliofuata kikapata heshima ya Newbery, ambayo zamani ilikuwa nadra kutolewa kwa kitabu cha katuni. Mwandishi anasimulia maisha yake mwenyewe. Akiwa na miaka minne aliugua homa ya uti wa mgongo, ugonjwa tunaoujua vizuri sana huku kwetu, akapoteza sehemu kubwa ya usikivu. Watu wote amewachora sungura. Mwanzoni niliudhika, nikaona ni utoto. Kisha nikafikiri: sungura ana masikio makubwa kuliko kiungo chochote, yako wazi juu ya kichwa, na nyaya za kifaa chake zinaonekana na kila mtu. Hivyo ndivyo anavyojiona mtoto mwenye aibu. Na kwa kuwa kila mtu kitabuni ni sungura, lile tatizo la chumvi nililolisema limekwisha: wote wametiwa chumvi ile ile.

Shuleni anavaa kifaa kifuani, na mwalimu wake anavaa kipaza sauti. Mwalimu akisahau kukizima, mtoto anamsikia popote alipo katika jengo, hata chooni. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Na mtoto anafanya nini kwa uwezo huo? Anakuwa mlinzi wa wenzake, wanacheza darasani mwalimu akiwa nje, yeye akiwaambia lini anarudi. Ni maembe yale yale! Yumo pia rafiki anayemsemesha kwa sauti kubwa na pole pole kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto, na huyo rafiki ni mwema, na wema wake ndio unaochosha. Nilijiona humo bila kichwa cha papai.

Kuna ufundi mmoja ambao katuni pekee inauweza. Betri za kifaa zinapoisha, maandishi ndani ya viputo yanafifia, kisha viputo vinabaki vyeupe. Msomaji anayesikia anatazama midomo ikicheza na hapati kitu. Kwa kurasa chache amekuwa kiziwi. Tena nimegundua kwamba katuni ni mchezo ambao kiziwi na anayesikia huketi benchi moja, maana sauti zote zimeandikwa, mlango ukigongwa na mbwa akibweka. Kwa asiyeona ni kinyume. Hadithi ikiandikwa kwa nukta nundu ataisoma kwa vidole, lakini ukurasa wa picha ni ukuta. Daredevil hajawahi kusomwa na kipofu bila mtu wa kumsimulia, na hilo sijaona likitajwa na wanaomsifu.

Hata hivyo kitabu kile ni cha kwao. Mtoto aliyepoteza usikivu Msangano hana kifaa cha kifuani, na akikipata betri ataifuata Tunduma, ikiwa ipo. Mwandishi mwenyewe anakiri mwishoni kwamba uziwi una njia nyingi na kwamba anaijua yake tu. Utotoni hakupenda lugha ya alama, ilhali wapo viziwi wengi ambao hiyo ndiyo lugha yao na fahari yao. Kwa mtoto wa huku nadhani hadithi ingekuwa na mikono mingi zaidi na nyaya chache.

Na wapo watoto wetu ambao katuni ya kigeni haitawafikia kamwe. Nafikiria wenye ualbino. Katika miaka iliyofuata 2006 nchi hii iliona aibu ya mauaji yao, hasa kanda ya ziwa, na mabango mengi yalichorwa. Mwaka 2010 watu wa Lindi mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany kuwa mbunge wao, lakini picha iliyosambaa duniani ilibaki ya mtoto aliyekatwa mkono. Jaribu kumchora mtoto huyu kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Utagundua, kama nilivyogundua mimi nikijaribu nyuma ya bahasha, kwamba katika michoro ya mistari mitupu watu wote ni weupe. Chakubanga ni mweupe, Lodi Lofa ni mweupe, ni karatasi. Ili mtoto yule aonekane, mchoraji analazimika kumtia wino kila mtu mwingine, kijiji kizima, na yeye amwache. Kazi yote inafanyika kwa majirani.

Wapo watakaosema shule zetu zina uhaba wa vitabu vya hesabu, za nini katuni. Hoja hii naiheshimu, niliitumia mwenyewe kwa miaka thelathini. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umejitahidi kupata hadithi za Kiswahili kwa watoto wetu, na kazi bado. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika ibara ya 8 kwamba vyombo vya habari vihimizwe kuwaonyesha watu hawa kama inavyostahili. Ni maneno mazuri. Lakini mkataba haushiki penseli. Hata hoja kwamba wachore wenye ulemavu wenyewe tu siikubali moja kwa moja, kwa kuwa Stevenson alikuwa na miguu miwili. Ninachojua ni kwamba katika kurasa kumi na mbili zile mtoto alijua gongo linafaa kwa nini. Mimi nililiona kila siku kwa miaka mitatu na sikujua kwamba lilikuwa na ndoano.

Daftari halipo. Nilipolifungua kabati mwaka niliostaafu, mchwa walikuwa wameanzia rafu ya chini.

Mwaka 2019 nilipeleka simu yangu kwa fundi, Tunduma, si mbali na mpaka. Fundi alikuwa ameinama juu ya bisibisi, magongo mawili ya chuma yameegemezwa ukutani. Alinyanyua uso akasema, "Shikamoo Mwalimu." Nikaitikia marahaba kabla sijamtambua. Alitengeneza simu, akanitoza bei kamili, tukanywa chai. Nikamuuliza kama anakumbuka zawadi ya blanketi. Alisema babu yake alilitumia mpaka alipofariki. Kisha yeye akaniuliza, "Lile daftari, Mwalimu, ulilisoma?"

"Nililisoma."

"Ulicheka?"

Nikamwambia kweli, kwamba sikucheka. Kwamba papai liliniudhi, na kwamba hata pale palipochekesha nilijizuia, kwa sababu niliona ni dhambi kumcheka mtoto wa hali yake. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kuwa mzigo wake ulipotea njiani. Halafu akavuta kitabu cha risiti, akachora haraka kwa kalamu ya wino, akanisogezea. Papai lilikuwa lile lile, ila sasa lilikuwa na ndevu na limevaa miwani. Nilicheka hadi chai ikanipalia, naye akanipiga mgongoni.

Risiti ile ninayo. Nimeiweka kwenye kopo la bati.